"Kutoa Hewa Ukaa Angani": Maneno ya Sheria za Tabianchi na Maana Zake kwa Wananchi

I. Kusudi la makala haya

Katika miaka michache iliyopita nchi zetu zimetunga sheria juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kulipa jina. Kenya ilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, ikairekebisha mwaka 2023 ili kuingiza masharti ya masoko ya kaboni. Tanzania ilitoa kanuni za udhibiti na usimamizi wa biashara ya kaboni mwaka 2022, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Paris uliokubaliwa tarehe 12 Desemba 2015.

Sheria hizo zina wapinzani na watetezi. Yuko asemaye kwamba Afrika nzima, ambayo sehemu yake katika hewa ukaa ya dunia ni kama asilimia 4 tu, haina sababu ya kujifunga kwa deni lisilo lake. Yuko amjibuye kwamba ukame na mafuriko havimuulizi mtu kama ndiye aliyewasha moto. Na kwamba misitu yetu na majiko yetu yahitaji kutunzwa hata kama pasingekuwako mkataba wo wote. Makala haya hayakusudii kukata shauri baina yao. Yakusudia kuchunguza maneno wanayoyatumia. Kwa sababu watu wasioafikiana juu ya maana ya neno hawabishani, bali wanapishana.

Wala jambo hili si la wasomi peke yao. Katika Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Na Katiba ya Kenya ya 2010 yakihesabu Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Neno la Kiswahili lililomo katika sheria au katika mapatano ya kijiji si tafsiri ya kuwasaidia wasiojua lugha ya kigeni. Ndilo neno litakalomfunga mtu.

II. "Tabianchi" na "hali ya hewa"

Kwa muda mrefu maneno haya mawili yalitumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Leo twaweza kusema kwamba yametengana vizuri. "Hali ya hewa" ni mvua ya leo na upepo wa kesho. "Tabianchi" ni mwenendo wa mvua, joto na upepo wa mahali, uliopimwa kwa miaka mingi, aghalabu 30. Neno lenyewe limetokana na "tabia ya nchi", kiunganishi kikaachwa na maneno mawili yakawa moja, kama vile lugha yetu ilivyozoea kufanya katika "mwanahewa" au "mwanamaji". Tabia ya mtu haijulikani kwa siku moja, na tabia ya nchi hali kadhalika. Neno limechaguliwa kwa busara, nasi hatuna la kuliongeza.

III. "Ukaa", "hewa ukaa" na "kaboni"

Hapa ugumu waanza. Jina "ukaa" limejengwa juu ya shina lile lile la "kaa la moto", "makaa" na "mkaa", likapewa kiambishi u- kinachoonyesha asili au hali ya kitu. Kama vile "utu" kwa mtu. Maana yake, basi, ni ile asili inayofanya makaa yawe makaa. Wataalamu wa Ulaya walipita njia hiyo hiyo: neno la Kifaransa lililoingizwa katika majina ya kikemia mwaka 1787 lilitolewa katika neno la Kilatini ambalo maana yake ni makaa. Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba "ukaa" ni neno la kubuni lisilo na mizizi. Mchoma mkaa wa Handeni aweza kulielewa upesi kuliko "kaboni".

Lakini ukaa na hewa ukaa si kitu kimoja. Ukaa ni elementi yenyewe, iliyomo katika mti, katika mkaa, katika mafuta ya petroli na katika miili yetu. Hewa ukaa ni gesi inayopatikana ukaa unapoungua na kuchanganyika na oksijeni. Kwa kipimo, gramu 12 za ukaa zikiungua kabisa huleta gramu 44 za hewa ukaa, kwa kuwa gramu 32 za oksijeni zimeongezeka. Maana yake tani moja ya ukaa ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa.

Katika mazungumzo ya kila siku, na mara nyingine hata katika karatasi za serikali, neno "kaboni" lasimama mahali pa vyote viwili. Masoko huuza kwa tani za hewa ukaa, lakini jina la biashara ni "biashara ya kaboni". Chukua mfano wa mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni, katika Kaunti ya Kwale, ambao tangu 2013 wenyeji wake hutunza hekta 117 za mikoko na kuuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mtu akiandika "tani 3,000 za kaboni" na msomaji akachukua neno hilo kwa maana yake ya kikemia, atadhani kwamba hewa ukaa iliyozuiwa ni tani 11,000. Kosa la karibu mara nne limeingia, wala hakuna aliyesema uongo. Katika mazungumzo kosa hilo ni dogo. Katika mapatano yenye bei kwa kila tani, ni kesi.

IV. Kitenzi "kutoa"

Neno linalotutia mashaka zaidi si jina bali ni kitenzi. Tunapotaka kusema kwamba kiwanda au gari laingiza gesi katika anga, aghalabu twasema "linatoa hewa ukaa". Ni Kiswahili safi: jua hutoa mwanga, mti hutoa matunda, chungu hutoa mvuke. Katika matumizi haya kitu hutoka kwa mtendaji na kwenda nje.

Lakini "kutoa" ina uso wa pili. Twasema "kumi kutoa tatu, yabaki saba". Twasema "ametoa maji kisimani", "wametoa samaki baharini", "toa ng'ombe zizini". Hapa kitu chaondolewa mahali kilipokuwa. Kiambishi -ni, kama ijulikanavyo, hakisemi chenyewe kama mahali ni chanzo au ni mwisho wa safari. Kitenzi ndicho kiamuacho. "Alitia maji mtungini": maji yaliingia. "Alitoa maji mtungini": maji yalitoka.

Sasa tuitazame sentensi hii: "Kampuni itatoa hewa ukaa angani kila mwaka." Mwandishi aliyezoea lugha ya ofisini husikia kwamba kampuni itachafua anga. Lakini mkulima atakayeipima kwa kisima na bahari atasikia kwamba kampuni itaiondoa hewa ukaa iliyomo angani, kama mvuvi atoavyo samaki. Na kwa sarufi, yeye ndiye aliye karibu zaidi na matumizi ya kawaida. Sentensi moja imebeba tendo na kinyume chake. Na mambo haya mawili ndiyo hasa ambayo sheria yapaswa kuyatenga, maana la kwanza latozwa faini au kodi, na la pili lalipwa.

Wengine wamelikimbia neno hilo na kutumia "uzalishaji": "uzalishaji wa gesijoto", "kupunguza uzalishaji". Neno hili halina maana mbili, lakini lina sifa isiyolistahili. Asili yake ni kuzaa; mkunga humzalisha mama, na mkulima huzalisha chakula. Tangu enzi za siasa ya kujitegemea, wananchi wameambiwa mikutanoni waongeze uzalishaji. Leo anasimama bwana mwingine katika ukumbi ule ule na kuwaambia wapunguze uzalishaji. Msemaji akilitaja jina la gesi kila mara, maana itabaki salama. Akilisahau mara moja, kama desturi ya wasemaji ilivyo, watu watarudi nyumbani wakiamini kwamba wametakiwa walime kidogo.

"Kumwaga" lafaa kwa hukumu yake, kwa kuwa amwagaye hupoteza na huchafua. Walakini hutumika zaidi kwa maji na nafaka. "Kufukiza" latukumbusha udi na ubani, vitu vinavyopendwa. Kwa maoni yetu, lugha ya sheria yafaa iridhike na vitenzi viwili vilivyo wazi kabisa: "kuingiza angani" na "kuondoa angani". Havina uzuri wa ushairi. Lakini hakimu hatavigombania.

V. Kupunguza kutoka wapi?

"Kupunguza" lajulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyo hakuna anayeliuliza. Tuangalie ahadi tatu. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2008, iliahidi kupunguza gesi hizo kwa asilimia 80 kufikia mwaka 2050, ikilinganisha na kiwango cha mwaka 1990. Na mwaka 2019 ikaipandisha ahadi hiyo kuwa asilimia 100. Kenya mwaka 2020 iliahidi kupunguza asilimia 32 kufikia 2030. Tanzania mwaka 2021 iliahidi kati ya asilimia 30 na 35 kufikia mwaka huo huo wa 2030.

Mtu akiyasoma haraka atadhani kwamba kipimo ni kimoja na kwamba waliotofautiana ni watu wa kuahidi kidogo na watu wa kuahidi kingi. Sivyo. Uingereza inapima kutoka katika kiwango kilichokuwapo, kilichohesabiwa na kuandikwa. Kenya na Tanzania zinapima kutoka katika kiwango ambacho kingekuwapo mwaka 2030 kama mambo yangeendelea vile vile bila hatua zo zote. Nchi inayokua yaweza kuitimiza ahadi yake huku gesi zake zikiwa nyingi kuliko zilivyokuwa siku ya ahadi.

Si hila hiyo. Ni haki kwa nchi ambayo watu wake wengi bado hawajapata umeme wa kutosha. Lakini Kiswahili kina chombo cha kuonyesha tofauti hiyo bila maelezo marefu, nacho ni -nge-. "Tutapunguza kiasi kilichokuwapo" na "tutapunguza kiasi ambacho kingekuwapo" ni sentensi mbili ambazo mtoto wa shule hawezi kuzichanganya. Lugha yetu imetupa silabi moja ya kulinda ukweli, nasi twaiacha nje ya hati kwa kuwa lugha tuliyotafsiri haikuidai.

VI. "Sifuri halisi" na "fidia"

Maneno haya mawili yamekopwa katika fani nyingine, na kila moja limekuja na mizigo yake.

Katika hesabu za biashara "halisi" ni kile kinachobaki baada ya makato: uzito halisi ni uzito bila kasha, faida halisi ni faida baada ya gharama. Kwa hiyo wanaosema "sifuri halisi" wana maana kwamba kiasi kinachoingizwa angani kitakuwa sawa na kiasi kinachoondolewa, tofauti ikawa sifuri. Ndiyo maana ya ahadi ile ya Uingereza ya asilimia 100. Lakini nje ya vitabu vya hesabu, "halisi" ni kinyume cha bandia. Dhahabu halisi, rafiki halisi. Msikilizaji wa kawaida ataelewa kwamba sifuri halisi ni sifuri ya kweli, isiyo na moshi hata chembe. Na hilo ndilo hasa wapinzani wa mpango huu wanalolidai, wakisema kwamba hesabu ya makato ni kificho. Neno limempa upande mmoja jina la upande wa pili. "Sifuri ya mizania" lingekuwa refu kidogo, lakini lingesema ukweli: kuna mkono wa kuingia na mkono wa kutoka, na vyote viwili vyahitaji kukaguliwa.

"Fidia" nalo latumika kwa kitendo cha mwenye kiwanda anayelipia utunzaji wa msitu wa mbali ili kusawazisha gesi anazoingiza yeye. Lakini katika masikio ya wanakijiji fidia ni malipo ya ardhi iliyochukuliwa, nyumba iliyobomolewa kwa ajili ya barabara, mnazi uliokatwa. Akija mgeni katika mkutano mkuu wa kijiji, chombo ambacho Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekipa sauti katika mambo ya ardhi, akasema "mradi wa fidia ya kaboni", wenye busara kati ya wasikilizaji watauliza upesi: ardhi ipi imechukuliwa? Na maadamu wameuliza kwa haki, hawatatulizwa kwa kuambiwa kwamba hawakuelewa. Neno "usawazishaji" halina hofu hiyo, na "fidia" ibakie kwa aliyedhulumiwa.

Kosa linalofanana na hilo ni kusema kwamba kijiji "kinauza hewa". Kinachouzwa ni hati inayothibitisha kwamba tani moja ya hewa ukaa imezuiliwa au imeondolewa, na haki ya mnunuzi kuihesabu tani hiyo kuwa yake. Tani ikishauzwa, muuzaji hawezi tena kuihesabu. Jambo hili lapasa kusemwa wazi kabla ya kutia sahihi, hasa mahali kama Bonde la Yaeda, ambako Wahadzabe wamo katika mradi wa namna hii na Kiswahili chenyewe kwao ni lugha ya pili.

Tuongeze neno juu ya "mapato". Sheria ya Kenya ya 2023 yataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na miradi isiyo ya ardhi angalau asilimia 25. Swali linalofuata papo hapo ni: mapato kabla ya gharama kuondolewa, au baada yake? "Mapato" peke yake hayajibu. Mwandishi wa mapatano ya Kiswahili asiache kuandika moja kati ya mawili, kwa kuwa baina yake pana shule nzima au zahanati nzima.

VII. Amri na nasaha

Siku ya mwisho ya mkutano wa Paris, kazi yote ya wiki mbili nusura ivunjike kwa sababu ya kitenzi kisaidizi kimoja. Katika ibara ya 4 paliandikwa neno lenye nguvu ya amri juu ya wajibu wa nchi tajiri kupunguza gesi zao. Marekani ikakataa, na neno la amri likabadilishwa kuwa neno la nasaha. Hivyo ndivyo lisomekavyo hadi leo.

Je, Kiswahili kingeitofautisha amri hiyo na nasaha? Watunga sheria wetu hutumia -ta- kwa amri: "Mwenye kiwanda atapeleka taarifa kila mwaka." Wanasheria wamelizoea. Lakini kwa msomaji mwingine -ta- ni habari ya wakati ujao, kama "mvua itanyesha". Yaweza isinyeshe. Na "inapaswa" lasimama katikati, mara amri, mara ushauri. Twaona ingefaa hati za tabianchi ziwe na ngazi tatu zisizovukana: "ni lazima" kwa jambo ambalo asiyelitenda ataadhibiwa, "inafaa" kwa nasaha, na "anaweza" kwa ruhusa. Hizo "-ta-" ziachiwe utabiri.

VIII. Jikoni: neno "safi"

Yote hayo yangekuwa mazoezi ya darasani kama yasingefika jikoni. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Na mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa kitaifa unaokusudia asilimia 80 ya wananchi watumie "nishati safi ya kupikia" ifikapo 2034.

Sababu ni njema. Moshi wa kuni huharibu mapafu ya mama na mtoto, na tanuri la udongo la mchoma mkaa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwamo katika mti. Lakini "safi" kwa nani? Gesi ya mtungi ni safi kwa sufuria, kwa mapafu na kwa msitu. Hata hivyo hutokana na mafuta na gesi ya ardhini, na ikiungua huingiza angani hewa ukaa iliyokuwa imefungwa chini kwa mamilioni ya miaka. Mkaa ni mchafu kwa mapafu. Lakini kama mti uliokatwa umepandwa tena na kukua, ukaa wake hurudi mtini. Tatizo ni kwamba mara nyingi haupandwi. Jiko la umeme nalo husafika au huchafuka kulingana na mahali umeme ulikotoka: mvuke wa ardhini wa Olkaria na maji ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ni kitu kimoja, mtambo wa mafuta mazito ni kitu kingine.

Twasema haya si kwa kumzuia mtu kununua mtungi. Mama anayekohoa hana sababu ya kungoja nadharia. Twasema ili anayechagua ajue amechagua nini: afya leo, msitu, au anga, na kwamba si kila jiko laleta vyote vitatu. Neno "safi" likiachwa bila mpaka, litaamua badala ya mpishi.

IX. Hitimisho

Kwa kifupi, mapendekezo yetu ni haya:

1. "Ukaa" (au "kaboni") litumike kwa elementi. "Hewa ukaa" kwa gesi. Na kila tani itajwe ni ya kipi.
2. "Kuingiza angani" na "kuondoa angani" yachukue nafasi ya "kutoa" katika sheria na mapatano.
3. Ahadi ya kupunguza iandikwe pamoja na kipimo chake: "kilichokuwapo" au "kingekuwapo".
4. "Sifuri ya mizania" litumike mahali pa "sifuri halisi", na "usawazishaji" mahali pa "fidia".
5. "Mapato" yaelezwe kama ni kabla au baada ya gharama.
6. Amri iandikwe "ni lazima".

Hapana shaka baadhi ya mapendekezo haya yatapingwa, na wengine wataleta maneno bora zaidi kutoka Lamu, Unguja, Bukoba au Lubumbashi. Na wayalete, neno la sheria halifai kutungwa chumbani na mtu mmoja. Lakini yafaa yaletwe sasa, kwa kuwa mapatano yanatiwa sahihi sasa, mengine kwa muda wa miaka 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake, naye atayasoma tulivyoyaandika. Ikiwa atakuta "kampuni itatoa hewa ukaa angani", hatakuwapo tena wa kumweleza tulikusudia nini.